Malvasia: Zabibu ya Mediterania na Njia ya Divai Tamu hadi Northfield

Malvasia ni jina la kundi la mizabibu ya kale ya Mediterania, na ni jina vilevile la divai tamu inayotokana na zabibu zake. Waingereza waliiita divai hiyo malmsey. Kuanzia karne ya 14 hadi ya 16 ilihesabiwa miongoni mwa vinywaji ghali na vyenye heshima kubwa vilivyopakuliwa katika bandari zao. Historia yake inaanzia kwenye mwamba wa pwani ya Ugiriki, inapita Krete, Venice, Madeira na visiwa vya Kanari, kisha inaingia bara hadi maeneo ya katikati ya Uingereza. Mojawapo ya maeneo hayo ni Northfield, kitongoji kilichoko kilomita 10 hivi kusini magharibi mwa katikati ya jiji la Birmingham. Northfield haijawahi kujulikana kwa mizabibu, na iko zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini. Lakini ngome yake, kanisa lake na familia zilizoimiliki zinaonyesha vizuri jinsi divai ya mbali ilivyopata wanywaji na jinsi ilivyowapoteza. Udongo na jua viliipa malvasia utamu wake. Bandari, ushuru, mapipa na imani za watu ndivyo vilivyoamua itafika wapi.

Bandari iliyozaa jina

Monemvasia ni mji uliojengwa katika karne ya 6 juu ya mwamba mkubwa kwenye pwani ya kusini mashariki ya rasi ya Peloponnese. Njia nyembamba ndiyo pekee inayouunganisha mwamba huo na bara, na jina lake kwa Kigiriki linaeleza hivyo: mahali penye mlango mmoja. Wafanyabiashara wake walipata upendeleo wa kodi kutoka kwa wafalme wa Bizanti, wakamiliki merikebu, na wakauza bidhaa za Peloponnese na visiwa vya jirani. Divai yenye jina la mji huo inatajwa mwaka 1214 katika maandishi ya Nikolaos Mesarites, askofu mkuu wa Efeso.

Waitalia walilifupisha jina la bandari likawa malvasia, Wafaransa wakasema malvoisie, na Waingereza malmsey. Mwanzoni jina hilo lilihusu divai iliyopitia bandari hiyo, hata kama zabibu zenyewe zilivunwa kisiwani. Baadaye likawa jina la aina ya divai, tamu na yenye harufu nzuri, popote ilipotengenezwa. Mwishowe likapewa mizabibu yenyewe. Ndiyo maana leo aina nyingi za zabibu huitwa malvasia ilhali hazina undugu wa karibu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba baadhi yake, kama malvasia ya Istria, ni mimea tofauti kabisa, wakati nyingine zilizodhaniwa kuwa mbalimbali ni mmea mmoja wenye majina mengi: malvasia ya visiwa vya Lipari, ile ya Sardinia, ile ya Dubrovnik na ile ya Sitges nchini Hispania ni zabibu ileile. Ramani ya undugu huo inafuata zaidi njia za merikebu za zamani kuliko mipaka ya nchi za leo.

Krete chini ya Venice

Vita vya Msalaba vya Nne vilipoiangusha Konstantinopoli mwaka 1204, Venice ilijipatia haki ya kuitawala Krete, na kufikia mwaka 1211 ilikuwa imeanza kuwapeleka walowezi wake huko. Kisiwa kilikuwa na jua kali, vilima vya kutosha, na bandari ya Candia, ambayo leo inaitwa Heraklion. Kadiri hali ya Monemvasia ilivyozidi kuwa ya wasiwasi, ndivyo Krete ilivyochukua nafasi yake katika biashara ya malvasia. Monemvasia yenyewe iliingia mikononi mwa Venice mwaka 1464 na ikachukuliwa na Waturuki mwaka 1540, lakini kwa wakati huo sehemu kubwa ya divai iliyobeba jina lake ilikuwa ikitoka Krete.

Venice iliifanya malvasia kuwa bidhaa ya dola. Mjini Venice kwenyewe, vilabu vilivyouza divai za ng'ambo viliitwa malvasie, na hadi leo vichochoro na madaraja kadhaa ya mji huo yana jina hilo. Kwa soko la kaskazini, kuanzia mwanzo wa karne ya 14, serikali ilipanga misafara ya merikebu kubwa zilizopita mlango wa bahari wa Gibraltar hadi Southampton, London na Bruges. Zilibeba viungo, hariri, sukari na divai tamu, na zikarudi na sufi, nguo za sufi na bati. Misafara hiyo iliendelea kwa takriban miaka 200, hadi mwanzo wa miaka ya 1530.

Utamu uliostahimili bahari

Sababu ya malvasia kusafiri mbali iko katika namna ilivyotengenezwa. Zabibu ziliachwa mzabibuni hadi ziive kupita kiasi, au zilivunwa na kuanikwa juani. Katika kisiwa cha Salina, karibu na Sisilia, njia hiyo bado inatumika: vishada hutandazwa juu ya majamvi ya matete, hugeuzwa, na jioni huondolewa ili umande usivilowanishe, kama karafuu zinavyoanikwa na kuanuliwa Pemba. Baada ya wiki mbili hivi zabibu huwa zimesinyaa na kupoteza sehemu kubwa ya maji yake. Sukari inabaki, na kwa kuwa maji yamepungua, juisi inayokamuliwa huwa nzito na tamu sana.

Chachu hugeuza sukari hiyo kuwa pombe, lakini haiwezi kuimaliza. Pombe inapofika kiwango cha asilimia 14 au 15 katika juisi nzito namna hiyo, chachu hudhoofika na kazi inasimama huku sukari nyingi ikiwa bado imo. Pombe hiyo na sukari hiyo kwa pamoja huzuia divai isiharibike haraka. Divai nyepesi za Gascony, ambazo Waingereza walizinywa kwa wingi zaidi, zilianza kuchachuka vibaya kabla ya mwaka kwisha, na za mwaka jana ziliuzwa kwa bei ya chini mara tu mpya zilipofika. Malvasia ilivumilia miezi kadhaa ya joto la bahari na bado ikauzwa ghali. Zaidi ya hayo, katika nchi ambako sukari ilikuwa bidhaa ya anasa, kinywaji kitamu hivyo kilikuwa dalili ya utajiri, na matabibu walikiagiza kama dawa ya kuupa mwili joto.

Mapipa, pinde na ushuru

Uingereza iliijua malvasia kwa pipa lake. Pipa kubwa la divai hiyo lilitakiwa kuwa na galoni 126 za kipimo cha divai, yaani karibu lita 477, na likijaa lilikuwa na uzito wa takriban nusu tani. Wanunuzi walilalamika kwamba mapipa yanazidi kuwa madogo huku bei ikibaki palepale. Bunge la Richard III lilijibu mwaka 1484 kwa sheria iliyorudisha kipimo cha galoni 126 kwa pipa la malvasia.

Bunge hilohilo liliweka sharti jingine. Kila mfanyabiashara aliyeleta pipa la malvasia alipaswa kuleta pamoja nalo fito kumi nzuri za kutengenezea pinde. Majeshi ya Uingereza yalitegemea wapiga mishale wenye pinde ndefu, na miti bora ya kazi hiyo ilitoka katika milima ya bara la Ulaya, kwenye njia ambazo wafanyabiashara wa Venice walizifikia. Hivyo anasa ya matajiri ilifanywa ilipie silaha za ufalme.

Muda si mrefu pande hizo mbili ziligombana waziwazi. Venice ilitoza ushuru wa ziada kwa meli za kigeni zilizokwenda kupakia divai Krete, ili faida ya usafirishaji ibaki kwa merikebu zake. Henry VII alijibu kwa sheria ya mwaka 1491 iliyotoza shilingi 18 kwa kila pipa la malvasia lililoletwa na wageni na kuweka kikomo cha bei cha pauni 4 kwa pipa. Waingereza nao wakaanza kwenda Krete wenyewe. Richard Hakluyt, aliyekusanya habari za safari za mabaharia wa nchi yake mwishoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba kati ya mwaka 1511 na 1534 meli za London, Southampton na Bristol zilikwenda mara kwa mara Sisilia, Krete na Chios. Mwaka 1522 Henry VIII alimteua Censio de Balthazari, mtu wa Lucca, kuwa konseli wa Waingereza huko Candia.

Kumbukumbu za Hakluyt zinaonyesha gharama ya safari hizo kwa ukaribu. Meli ya Holy Cross ilikwenda Krete na Chios pamoja na meli ya Matthew Gonson katika miaka ya 1530, ikakaa baharini mwaka mzima. Iliporudi, mapipa yake ya divai na mafuta yalikuwa yamelegea kiasi kwamba hayakuweza kuinuliwa kwa kamba na kapi. Ilibidi divai itolewe mapipa yakiwa yamelala ndani ya meli na kumiminwa katika mapipa mapya. Meli yenyewe ilikuwa imechoka hata haikusafiri tena. Aliyeisimulia habari hiyo alikuwa mtengeneza mapipa aliyesafiri na meli ya Matthew Gonson katika safari iliyofuata, fundi wa aina ambayo bila yake divai isingefika kabisa.

Kutoka bandarini hadi katikati ya nchi

Malvasia ikishafika Southampton au London, ilibaki safari ya nchi kavu. Vitabu vya forodha vya Southampton, ambavyo vya kwanza vilivyosalia ni vya miaka ya 1430, viliandika mikokoteni iliyotoka kwenye lango la mji, mzigo wake na ulikokwenda. Divai ilipelekwa katika miji ya jirani na pia mbali bara, hadi Coventry, mji ulioko kilomita 30 hivi mashariki mwa Northfield. Njia ya pili ilipitia Bristol: mashua zilipandisha mizigo mto Severn hadi Gloucester, Worcester na Bewdley, kisha farasi na mikokoteni wakaichukua. Pipa la nusu tani lilikuwa mzigo mgumu kwenye barabara za udongo, na kila siku ya safari iliongeza bei. Kwa hiyo divai tamu iliyofika bara ilikuwa ya watu wachache: makabaila, maaskofu, watawa wenye mali na wafanyabiashara wakubwa.

Northfield ilikuwa milki ya watu wa tabaka hilo. Katika sensa kuu ya ardhi ya mwaka 1086, iliyofanywa kwa amri ya mfalme William, kijiji hicho cha wilaya ya Worcestershire kilikuwa chini ya William fitz Ansculf, bwana wa Dudley. Baadaye kilirithiwa na ukoo wa de Somery. Mwaka 1264 Roger de Somery alipata kibali cha mfalme cha kuimarisha makazi yake ya Weoley, kaskazini mwa kijiji, yawe ngome yenye kuta za mawe na handaki la maji. Wachimbuaji wa mambo ya kale wa Birmingham walipofukua eneo hilo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, walikuta mabaki ya jiko la mbao la karne ya 13, likiwa limehifadhiwa na tope lenye maji yasiyopitisha hewa. Mbao za kuta zake zilikuwa bado ziko mahali pake. Ni nadra sana jengo la mbao la umri huo kubaki hivyo nchini Uingereza, na linaonyesha ukubwa wa shughuli za upishi na karamu katika nyumba ya bwana wa Northfield.

Mwaka 1322 John de Somery alifariki bila mtoto, na milki ikagawanywa kati ya dada zake wawili. Dudley ilikwenda kwa Margaret, mke wa John de Sutton. Weoley na Northfield zikawa za Joan, mjane wa ukoo wa Botetourt. Katika karne ya 15 Weoley ilipita mikononi mwa familia kadhaa kubwa, mmojawapo wa wamiliki akiwa Joan Beauchamp, Bibi wa Bergavenny, hadi ikarudi kwa mabwana wa Dudley kuelekea mwisho wa karne hiyo. Wao waliiuza mwaka 1531 kwa Richard Jervoise, mfanyabiashara wa London.

Pipa la Mnara wa London

Kisa kinachojulikana zaidi kuhusu malvasia katika historia ya Uingereza kinahusu watu wa eneo hilohilo. George, mtawala wa Clarence na mdogo wa mfalme Edward IV, alipata mali za ukoo wa Warwick kwa kumwoa Isabel Neville, na ngome ya Warwick, kilomita 30 hivi kutoka Northfield, ikawa makao yake. Isabel alifariki huko Desemba 1476. Clarence alimshutumu mtumishi wa mke wake, Ankarette Twynho, kwamba alimlisha sumu. Aprili 1477 mwanamke huyo alikamatwa, akaletwa Warwick, akahukumiwa na kunyongwa katika siku moja. Mfalme hakuvumilia ndugu yake kujitwalia mamlaka ya mahakama namna hiyo, na kulikuwa na tuhuma nyingine za uhaini. Clarence aliwekwa ndani ya Mnara wa London na kuuawa tarehe 18 Februari 1478.

Namna alivyouawa haikuandikwa katika hati za serikali. Dominic Mancini, Mtaliano aliyekuwa London mwaka 1483, aliandika kwamba alizamishwa katika chombo cha divai tamu. Philippe de Commynes, mwanahistoria wa wafalme wa Ufaransa, alitaja pipa la malvasia. Habari hiyo ilikubaliwa na waandishi wengi wa wakati huo, na Shakespeare akaitumia katika tamthilia yake ya Richard III. Wanahistoria bado wanajadiliana kama ni tukio la kweli au ni uvumi uliokua. Msimamizi mkuu wa Mnara katika miaka ya 1470 alikuwa John Sutton, bwana wa Dudley, ambaye ukoo wake ndio uliokuja kuimiliki Weoley. Kwa vyovyote vile, kisa kilieleweka kwa wasikilizaji wake kwa sababu kila mtu aliijua malvasia kuwa kinywaji cha nyumba za wakubwa, na pipa lake la galoni 126 lilitosha kumzamisha mtu.

Divai ya kanisani

Watu wa kawaida wa vijijini walikutana na divai za Mediterania kwa njia nyingine: kanisani. Katika Enzi za Kati, kuhani peke yake ndiye aliyekunywa divai ya misa, na waumini walipokea mkate. Matengenezo ya Kanisa yalibadilisha utaratibu huo. Sheria ya mwaka 1547 iliagiza waumini wapewe mkate na divai pia. Ilisimama wakati wa malkia Mary na kurudi chini ya Elizabeth I mwaka 1559. Ghafla kila parokia ilihitaji divai ya kutosha watu wote wazima, hasa sikukuu ya Pasaka.

Agizo hilo liliihusu kila parokia, kanisa la St Laurence la Northfield likiwemo, ambalo sehemu zake za kale ni za karne ya 12. Vitabu vya hesabu vya wazee wa kanisa katika parokia mbalimbali za Uingereza vya wakati huo vinataja manunuzi ya malvasia na divai ya maskati kwa ajili ya ushirika. Divai tamu ilifaa kazi hiyo kwa sababu haikuharibika upesi baada ya chupa au pipa dogo kufunguliwa. Nyumbani, kwa upande mwingine, sheria iliwabana watu. Sheria ya mwaka 1553 ilipunguza idadi ya vilabu vya divai katika kila mji, na ikakataza mtu asiye na kipato kikubwa kuweka nyumbani zaidi ya galoni kumi.

Uhusiano huo wa kanisa na mzabibu unajulikana pia Afrika Mashariki. Kilimo cha zabibu cha Dodoma kilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, na divai ya altare ilikuwa miongoni mwa mazao yake ya mapema kabla serikali na wakulima wadogo hawajakipanua. Zabibu za Dodoma ni za aina nyingine, lakini hapo pia mnunuzi wa kwanza aliyeaminika alikuwa kanisa.

Kuhamia Atlantiki

Krete haikuendelea kuwa mlezi mkuu wa malvasia. Waturuki waliizingira Candia kuanzia mwaka 1648 na kuiteka mwaka 1669, baada ya mojawapo ya mizingiro mirefu zaidi katika historia. Lakini mizabibu ilikuwa imekwisha kuhama. Alvise Cadamosto, baharia wa Venice aliyepita Madeira mwaka 1455, aliandika kwamba mwanamfalme Henrique wa Ureno alikuwa ameagiza miche ya malvasia kutoka Candia, na kwamba ilistawi sana. Kisiwa kilikuwa kimeanza kukaliwa na watu miaka 30 hivi tu kabla ya hapo. Mizabibu hiyohiyo ilipandwa pia katika visiwa vya Kanari vya Hispania.

Katika karne ya 17 Waingereza waliipata divai yao tamu zaidi kutoka Kanari kuliko Mediterania. Faida ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1665 mfalme Charles II alitoa hati kwa kampuni ya wafanyabiashara wa London ya kuhodhi biashara hiyo. Wakulima na wafanyabiashara wa Tenerife waliona kwamba kampuni itawapangia bei. Mwaka 1666 watu waliingia usiku katika maghala ya Garachico, wakavunja mapipa, na divai ikatiririka mitaani. Kampuni ilivunjwa mwaka 1667. Bandari ya Garachico yenyewe iliharibiwa na mlipuko wa volkano mwaka 1706. Katika kisiwa cha Lanzarote milipuko ya miaka 1730 hadi 1736 ilifunika mashamba kwa majivu, lakini wakulima waligundua kwamba majivu hayo hutunza unyevu. Hadi leo, katika bonde la La Geria, kila mzabibu wa malvasia hupandwa katika shimo lililochimbwa hadi udongo wa chini, na mbele yake hujengwa ukuta mdogo wa mawe wenye umbo la mwezi mchanga ili kuzuia upepo.

Huko Madeira, divai ilipata tabia mpya kutokana na safari ndefu zaidi. Merikebu zilizokwenda Bahari ya Hindi zilipakia mapipa kisiwani, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupita maji ya Afrika Mashariki kuelekea India, na divai iliyorudi kutoka huko ilionekana kuwa bora kuliko iliyobaki ghalani. Joto la tropiki na mtikisiko wa meli viliivisha divai badala ya kuiharibu. Katika karne ya 18 watengenezaji walizoea kuongeza pombe kali ili kuiimarisha, na baadaye walipata njia za kuipasha joto nchi kavu: katika matangi yenye moto, au kwa kuyaacha mapipa miaka mingi kwenye dari lenye joto la jua. Divai ya Madeira iliyo tamu kuliko zote bado huuzwa kwa jina la malmsey.

Kushuka kwa malvasia Uingereza

Mkataba wa mwaka 1703 kati ya Uingereza na Ureno ulizipa divai za Ureno nafuu ya ushuru dhidi ya zile za Ufaransa, na divai ya Porto ikawa kinywaji cha kawaida cha matajiri wa Uingereza. Malvasia ya Mediterania ilibaki jina la vitabuni. Madeira nayo ilipata pigo mara mbili: ukungu wa mizabibu katika miaka ya 1850, kisha mdudu filoksera aliyeanza kuua mizizi mwaka 1872. Wakulima wengi walipanda aina sugu za Marekani au kugeukia miwa na ndizi. Mwaka 1860 waziri wa fedha William Gladstone alipunguza ushuru wa divai, na punde ushuru ukapangwa kwa kiwango cha pombe, jambo lililozinufaisha divai nyepesi za Ufaransa kuliko zile nzito na tamu.

Northfield ya wakati huo ilikuwa kijiji cha mafundi wa misumari, watu wa bia. Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na familia yenye imani tofauti kuhusu pombe. John Cadbury alikuwa amefungua duka Birmingham mwaka 1824 na kuuza chai, kahawa na kakao, vinywaji ambavyo Wakristo wa dhehebu la Waquaker kama yeye waliviona kuwa mbadala wa pombe. Wanawe walihamishia kiwanda Bournville, jirani na Northfield, mwaka 1879, na George Cadbury akaanzisha kijiji cha mfano huko mwaka 1895 bila kilabu cha pombe hata kimoja. Yeye mwenyewe alihamia nyumba ya Manor House ya Northfield mwaka 1894 na kuishi hapo hadi alipofariki mwaka 1922. Katika ibada ya Waquaker hakuna ushirika wa mkate na divai, kwa hiyo hata sababu ya kanisani haikuwepo. Utamu uliokuwa umetoka katika zabibu zilizoanikwa juani sasa ulitoka katika chokoleti ya kiwandani.

Northfield iliunganishwa na jiji la Birmingham mwaka 1911. Haikuwa mahali pasipo pombe: kilabu cha Great Stone kilibaki kando ya kanisa la St Laurence, na mwaka 1929 kampuni ya bia ya Davenports ilijenga kilabu kikubwa cha Black Horse kwenye barabara ya Bristol. Lakini vyote viwili vilikuwa vya bia. Weoley ilibaki magofu, na katika miaka ya 1930 nyumba za halmashauri ya jiji zilijengwa kuizunguka.

Malvasia leo

Zabibu hii imesalia kwa juhudi za mahali mahali. Kule Sitges, karibu na Barcelona, mwanadiplomasia Manuel Llopis de Casades alipofariki mwaka 1935 aliiachia hospitali ya mji mashamba yake, kwa nia ya kwamba malvasia iendelee kulimwa, na hospitali hiyo bado inatengeneza divai yake. Katika visiwa vya Lipari divai iliyotokana na zabibu zilizoanikwa ilipata ulinzi wa kisheria mwaka 1973. Huko Madeira, mzabibu wa malvasia uliokuja kutoka Krete umebaki nadra. Mahali pake panapojulikana zaidi ni Fajã dos Padres, kipande chembamba cha ardhi chini ya jabali refu la pwani, kilichokuwa shamba la Wajesuiti hadi karne ya 18. Malmsey nyingi ya sasa hutokana na aina nyingine iitwayo malvasia ya São Jorge, na kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai divai yenye jina la zabibu iwe na angalau asilimia 85 ya zabibu hiyo.

Monemvasia nayo imerudi kwenye orodha. Mwaka 2010 Ugiriki ilitambua rasmi divai tamu ya Monemvasia-Malvasia, inayotengenezwa kwa zabibu zilizokaushwa juani katika eneo la mji huo, angalau asilimia 51 zikiwa za mzabibu uitwao Monemvasia na nyingine zikiwa aina za kienyeji. Kwa utambuzi huo, jina lililotoka kwenye bandari hiyo limepewa tena divai ya mahali lilipoanzia, baada ya karne nyingi za kumilikiwa na Krete, Venice, Kanari na Madeira.